Ajenda ya Sita

Akidi ilitimia saa nne na dakika ishirini,
diwani wa mwisho akiingia na vumbi la Julai mabegani.
Dua ikasomwa. Simu zikazimwa, isipokuwa mbili.
Mimi kazi yangu ni kuandika,
si yanayosemwa: yanayoazimiwa.

Tukaanza na yatokanayo.
Choo cha mnadani bado hakina mlango;
mkandarasi anasema mlango upo, ila uko Kibaigwa.
Taa tatu za njia ya sokoni zinawaka mchana,
usiku zinapumzika.
Ifuatiliwe. Zifuatiliwe.
Neno hilo kalamu yangu imeshalizoea,
inakwenda yenyewe kama punda wa maji.

Ajenda ya sita. Ekari mbili na robo
nyuma ya shule, kati ya mizabibu na korongo kavu.
Afisa ardhi akatandaza ramani,
akaibana pembe nne kwa chupa za maji.
"Hapa ni kiwanja namba mia tatu na kumi,
makazi na biashara. Makaburi hayapo."
Alisema kweli. Kwenye ramani hayapo.

Bi Nyemo Chidawali, mwalikwa, akasimama.
Akasema mbukwenyi, nusu ya ukumbi ikaitikia.
Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa daftari la shule
lililoanzwa na baba mkwe wake mwaka wa njaa,
likaendelezwa na mumewe, sasa yeye:
*Mbeho, homa. Jiwe lenye ufa, hatua saba kuelekea mlimani.*
*Yeremia, ng'ombe alimpiga. Hatua mbili kutoka kwa Mbeho.*

"Hatua ni kipimo gani?" akauliza afisa ardhi,
wala hakuuliza kwa ubaya.
"Una hati?" akauliza mwanasheria.
"Wenye hati wote niliowaona pale wamehama," akajibu.
"Hawa hawajahama."

Hapo kila mtu akawa na lake.
Kanisa lilileta barua: upande wa mashariki ni wetu.
Kamati ya msikiti ikaleta yake: magharibi, tangu zamani.
Shule inataka uwanja wa mpira.
Mheshimiwa Mwaluko akataka kujua
kodi ya pango la ardhi hudaiwa nani, marehemu?
Watu wakacheka, hata mimi,
kisha nikakumbuka kwamba kicheko hakiandikwi.

Ndipo mhandisi akasoma makadirio:
uzio, lango, mlinzi mmoja,
shilingi milioni kumi na nane na ushee.
Atalipa mwenye eneo.

Nikasubiri na kalamu yangu.
Feni ilizunguka.
Kanisa likasema lilimaanisha kona tu.
Kamati ikaomba muda wa kushauriana.
Mwalimu mkuu akaangalia saa, akasema ana kipindi.
Ikaletwa chai.

Daftari nilipewa mimi nilitoe nakala:
Kiambatisho C, kurasa kumi na tisa.
Mashine ilikuwa inatia mstari mweusi katikati,
nikarudia mara mbili, mstari haukutoka.
Ukurasa wa mwisho, kwa penseli,
*Nyemo.* Halafu koma.
Halafu nafasi.

Azimio: umiliki uendelee kuchunguzwa.
Mengineyo: mbwa wazururaji, Kata ya Soko.
Kikao kikafungwa saa tisa alasiri.

Kwenye mihtasari kuna mahali pa kuorodhesha
wasiohudhuria kwa udhuru.
Niliandika madiwani wawili.
Nikakaa kidogo.
Nikapiga mhuri.

Jioni nikapitia huko, si kikazi.
Mbuzi walikuwa wanakula pembeni mwa minyaa,
upepo ukivuta mifuko ya plastiki juu ya mawe.
Jiwe lenye ufa lipo. Limepasuka kweli.
Nikaelekea mlimani, moja, mbili, hadi saba,
nikaishia kwenye mwiba, ardhi tupu.

Nikarudi, nikapima tena.

Aliyeandika alikuwa mrefu kuliko mimi.
Nikaongeza hatua moja.